Njia Nne Alizopewa Mdogo Wangu

Kwa miaka thelathini na moja niliyofanya kazi kwenye mtambo wa kusafishia maji, niliwadanganya watu wengi na sikumdhuru hata mmoja. Kila alipokuja kibarua mpya nilimweleza habari za kiboko aliyevutwa na pampu ya mtoni, akapita ndani ya bomba la inchi ishirini na nne huku amejikunja kama mkeka, akaenda kukwama kwenye chujio namba nne. Tulipomtoa, nilisema, alikuwa mweupe pee, anang'aa kama sahani, na anapiga chafya kwa ajili ya dawa ya maji. Wengi walicheka. Wachache walikwenda kuchungulia chujio namba nne. Mmoja aliomba uhamisho.

Pale kazini waliniita Profesa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini vitabu vya mashine nilivisoma vyote, hata vile vilivyoandikwa kwa lugha ambazo sikujua zinaanzia upande gani wa ukurasa. Nilitazama michoro, nikakisia, nikafungua mashine, na mara nyingi ilifungika tena. Watu wakanizoea hivyo. Jambo likiwashinda wanasema, mwiteni Profesa. Na Profesa akishaitwa hawezi kusema "sijui". Neno hilo lilinipotea kinywani tangu ujana wangu.

Mdogo wangu ndiye niliyemwingiza kazini kwa mkono wangu. Wenzetu walimpa jina la Kamati, kwa kuwa hakuamua jambo bila kikao, na kikao chenyewe kilikuwa mimi. Aoe? Alikuja kwangu. Anunue redio au baiskeli? Akaja kwangu. Mkewe alikuwa akisema, "Shemeji, siku moja nitamwuliza anataka chai au uji, atakuja kukugongea mlango." Tulicheka. Alikuwa na miaka hamsini na nane, amebakiza miwili naye astaafu, alipoanza kuvimba miguu.

Kwanza alivilaumu viatu. Halafu uso ukawa unavimba asubuhi, chakula kinamnukia chuma, ngozi inamwasha mpaka anajikuna kwa kitana. Presha alikuwa nayo miaka kumi na miwili. Vidonge alivimeza siku alizojisikia vibaya, na siku alizojisikia vizuri alivipumzisha. Hospitali wakampima damu, wakampima mkojo, wakarudia, wakamtuma kwa daktari wa figo. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, siku hiyo alikuwa na sare za shule za watu. Nikamsindikiza mdogo wangu mimi.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, feni inazunguka kwa kulalamika, na mezani pana figo ya plastiki inayofunguka vipande viwili. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyelisema jambo lile lile asubuhi nzima na bado anataka ulielewe. Alipindua fomu akachora nyuma yake.

"Baba, figo zako zote mbili zinafanya kazi chini ya sehemu kumi katika mia. Hazitarudi. Nataka tuelewane hilo kwanza, kabla ya mengine."

Mdogo wangu alinitazama mimi.

"Endelea, daktari," nikasema.

Akaeleza njia nne. Naziandika kama alivyozisema, ili mtu asije akadhani tulifichwa. Ya kwanza ni mashine. Damu inatoka mwilini, inapita kwenye mashine inayoondoa uchafu na maji yaliyozidi, inarudi. Saa nne kila mara, mara tatu kwa wiki, pale hospitali. Mwanzoni wanatumia mpira wa shingoni, halafu wanamfanyia upasuaji mdogo mkononi, wanaunganisha mishipa miwili ili upatikane mmoja mnene wa kuchoma sindano, na huo unataka wiki kadhaa kukomaa. Ya pili ni ya tumboni. Mgonjwa anawekewa mpira laini, anajijazia maji maalumu mwenyewe nyumbani, yanakaa saa kadhaa yakivuta uchafu, anayamwaga, anajaza mengine. Mara nne kwa siku, kila siku, na mikono misafi kama ya mkunga. Ya tatu ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine, na kumeza dawa maisha yote ili mwili usiikatae. Ya nne ni kutokwenda kwenye mashine kabisa. Ni dawa, chakula cha kuangaliwa na kupunguziwa mateso mpaka mwisho ufike.

"Na hiyo nayo ni matibabu," akasema. "Wako wanaoichagua kwa akili zao timamu, nasi tunakwenda nao. Lakini wewe moyo wako bado mzuri. Ningependa tuifikirie ya tatu mapema. Unaanza mashine, huku tunatafuta. Una ndugu wa tumbo moja?"

Mdogo wangu akatabasamu. "Ninaye huyu huyu tu."

Daktari akanigeukia. Alinitazama kuanzia kichwani kwenda chini, na alipofika kiunoni, naapa, macho yake yalitua hapo.

"Una presha, baba? Sukari?"

"Sina."

"Miaka?"

"Sitini na mitatu." Nilitaka kuongeza kumi, lakini mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale.

"Umri peke yake si kizuizi. Tunakupima kwanza, hatumchukui mtu mpaka tujue atabaki salama na figo moja. Na lazima iwe kwa hiari yako. Ukisema hapana ni hapana, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Chukueni kijitabu hiki, mkasome, mkae kama familia, mrudi wiki ijayo."

Ukisema hapana ni hapana. Alinifungulia mlango mpana namna ile, na ningeweza kupita nimesimama wima. Neno moja tu, nisingekuwa na dhambi yoyote. Lakini ningelisemaje mbele ya mtu ambaye tangu utotoni ananitazama kama mimi ndiye niliyepanga nyota?

Nyumbani nilikisoma kijitabu peke yangu. Ukurasa wa saba uliandikwa kwa herufi nene: mashine haiponyi figo, inafanya kazi yake badala yake, na mgonjwa akiacha, uchafu na maji hurudi kujaa ndani ya siku chache. Niliusoma mara mbili. Nilielewa. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walinionea huruma wakidhani mzee hakuelewa. Kisha nikafika ukurasa wa kumi na moja. Palikuwa na mchoro wa mtu amelala ubavu, na chini ya mbavu zake pana mstari wa vidoti unaoonyesha wanapopasua. Mtu yule alikuwa na kipara. Nilikifunga kijitabu nikakitia mfuko wa ndani wa koti.

Kesho yake alasiri nikaenda kwao. Shemeji alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, mdogo wangu amelaza miguu juu ya kigoda, inang'aa kama imepakwa mafuta.

"Haya kaka," akasema, "tuambie. Mimi nilisikia, lakini sikusikiliza. Nilikuwa naangalia ile figo ya plastiki."

"Kijitabu kiko wapi, shemeji?" mkewe akauliza. "Huyu ananiambia mlipewa kijitabu."

"Nimekisahau nyumbani." Kilikuwa kifuani pangu.

Nikaanza na ile ya nne, maana ilikuwa rahisi kuiondoa. "Hiyo ni ya watu waliochoka kuishi." Ya tumboni nikaifanyia mzaha. "Unageuzwa tangi. Asubuhi unajazwa, mchana unamwagwa. Ukicheka kwa nguvu, unafurika." Mdogo wangu akacheka mpaka akakohoa. Shemeji hakucheka.

"Na hii ya kuwekewa figo?" akauliza. "Watu wanasema ndiyo nzuri kuliko zote."

Hapo nikashusha sauti. "Namjua mtu mmoja, fundi rangi. Aliwekewa figo ya ndugu yake. Mwili ukaikataa, na yule aliyetoa naye jeraha likakataa kufunga. Wamezikwa wiki moja, makaburi yanatazamana."

Sikumjua mtu huyo. Nilimzaa pale pale sebuleni, nikampa kazi, nikampa ndugu, nikawaua wote wawili kabla chai haijapoa.

Mdogo wangu alishusha miguu kutoka kwenye kigoda. Kisha akashusha pumzi ndefu, na uso wake ukafunguka.

"Afadhali umesema wewe, kaka. Maana mimi tangu jana sina raha. Nilikuwa najisemea, huyu kaka yangu ninavyomjua, atakwenda kwa daktari kwa siri aseme, nikateni. Sasa nitamzuiaje? Usinifanyie hivyo. Niapie."

Nikamwapia. Sijawahi kula kiapo chepesi kama kile.

"Basi imebaki mashine," shemeji akasema. "Maisha yote?"

"Daktari alisema hazitarudi," mdogo wangu akamwambia. "Hilo nililisikia."

Nikasogeza kiti. "Ngoja nikuulize kitu cha kazini. Chujio letu la mchanga likiziba, tunafanyaje?"

"Tunaliosha."

"Vipi? Mweleze mkeo."

Akamgeukia mkewe, macho yamechangamka, maana hapo alikuwa nyumbani. "Unafunga maji ya juu. Unafungulia ya chini yapande kwa nguvu. Mchanga wote unainuka, unacheza, uchafu unatoka, maji yanatoka rangi ya chai. Nusu saa hivi. Yakianza kutoka meupe unafunga, mchanga unashuka, unakaa. Linachuja kama jipya."

"Mchanga unabadilishwa?"

"Wa nini? Mchanga ni ule ule, tangu nimeingia."

"Na lilipoziba, geji ilikuwa inasemaje?"

"Geji inasema limekufa."

"Lilikuwa limekufa?"

"Limeziba tu."

"Haya." Nikaegemea kiti. "Sasa damu wanaitoa, wanaisafisha, wanairudisha. Kama figo hazirudi, wanaosha cha nini?"

Mtu mwingine yeyote duniani angeniuliza, mbona mashine inaosha damu na wala haigusi figo. Lakini sisi tuliishi maisha yetu yote kando ya machujio yaliyokufa asubuhi yakafufuka kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimemsemesha kwa lugha ya mikono yake.

"Daktari alisema hazitarudi," shemeji akarudia, mguu wake umesimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Shemeji, daktari lazima aseme hivyo, la sivyo wagonjwa watakimbia kabla hawajatakata."

"Mara ngapi basi?" mdogo wangu akauliza.

"Sita. Saba. Inategemea uchafu."

Shemeji alinitazama kwa muda. Kisha akainamia sare zake, cherehani ikalia. Alikuwa mwanamke wa watu. Hakuzoea kumwita kaka wa mumewe mwongo mbele ya mumewe.

Akaanza mashine. Chumba kile kina vitanda tisa, kila kitanda na mashine yake yenye vigurudumu vinavyozunguka polepole, na damu unaiona inatembea ndani ya mipira. Muuguzi mkuu wa pale alikuwa mwanamume mnene mwenye mdomo, wagonjwa wakimwita Rubani. "Fungeni mikanda," anasema, "leo tunakwenda mbali." Alimpenda mdogo wangu kwa kuwa hakulalamika.

"Mzee, miguu imerudi! Utavaa viatu vya harusi sasa. Ila maji, mzee wangu. Chupa hii moja siku nzima, na chai imo humo humo, na mchuzi umo humo humo. Na ndizi na machungwa ule kwa macho. Yana madini yanayosimamisha moyo kama figo haziyatoi."

Rubani alipokwenda kitanda kingine, mdogo wangu akaninong'oneza, "Kaka, mbona ananikataza maji? Sisi tunaosha kwa maji."

Nilikuwa na nafasi pale. Nilikuwa na kiti, nilikuwa na saa nne nzima, naye hawezi kwenda popote.

"Chujio likiwa linaoshwa," nikamwambia, "unaweza kufungulia maji ya juu?"

"Huwezi."

"Na likishaoshwa?"

Akafikiri. "Unafungulia yote. Ili lisuuzike."

"Basi."

Sikusema kunywa maji. Nimejitetea kwa sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara inavunjika mikononi mwangu.

Akapata nafuu kweli kweli. Uvimbe ukaisha, hamu ya chakula ikarudi, akaanza kulala chali. Mara ya tano Rubani akamletea karatasi ya upasuaji wa mkono. Mdogo wangu akaikunja akaitia mfukoni kwa adabu. Baada ya mara ya saba akamshika Rubani mkono, akamshukuru, akamwombea heri. Rubani akadhani ni maneno ya kuagana ya kawaida. Ijumaa kitanda chake kilikuwa kitupu.

Akarudi kazini, mpira wa shingoni ameuficha chini ya kola, amefunga skafu kama mtu mwenye mafua. Wenzake walimpigia makofi. Kando ya meza yake akaweka chupa ya lita tano, akawa anakunywa maji tuliyoyasafisha sisi wenyewe. Siku ya nne akanipigia simu.

"Kaka, yule Rubani ananipigia kila siku. Nimemwambia nimepona, ananifokea. Anasema nitakufa. Mtu mzima ananiambia nitakufa! Niende?"

Nilikuwa nimesimama uani kwangu, nimeshika simu kwa mkono mmoja, mwingine uko kiunoni. Nilitambua baadaye kwamba tangu siku ile ya daktari nilikuwa nimeanza kusimama hivyo, kama mtu anayezuia mfuko.

Nikiwaza kwa haraka, niliona kwamba nikisema "nenda", ataniuliza kwa nini. Na nikijibu kwa nini, ataniuliza mpaka lini. Na mpaka lini ikishatoka, itarudi ile ya tatu, na daktari ataniangalia tena.

"Wewe unajionaje?" nikamwuliza.

"Niko safi. Kidogo nahema nikipanda ngazi, lakini ngazi zenyewe unazijua."

"Nazijua."

"Basi nisiende?"

"Unajijua mwenyewe, mdogo wangu."

"Asante, kaka," akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi, kama mtu aliyetoka kikaoni.

Siku ya tisa, zamu ya asubuhi, alianguka kwenye ngazi zile zile. Wenzake walisema alikuwa anapumua kwa sauti ya bomba lenye hewa, povu la rangi ya waridi mdomoni. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Hospitali moyo wake ulisimama, wakaukandamiza, ukaanza, ukasimama tena, wakaurudisha. Walimweka kwenye mashine ya kupumulia siku tatu, na ile ya damu mfululizo.

Siku ya nne alipotolewa mpira wa kooni tukaruhusiwa kuingia, mimi na shemeji. Rubani alikuwepo, amekuja kutoka chumba chake kumwona. Hakutania hata neno.

"Mzee, lita tano kwa siku. Nimewauliza wenzako. Nani alikwambia ufanye hivyo? Nataka nimjue tu. Maana nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, nimeona watu wanaacha kwa kukosa nauli, kwa kuchoka, kwa dini, kwa waganga. Sijaona anayejiosha kama tangi."

Mdogo wangu alikuwa na oksijeni puani. Macho yake yalitoka kwa Rubani, yakapita kwa mkewe, yakanifikia, yakapita.

"Nilijiamulia mwenyewe," akasema.

Shemeji alinitazama. Hakuwa na sare za kuinamia safari hii. Akatoa mkoba wake, akatafuta leso, akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari. Sijui kama niliongozwa na mapenzi au na aibu, na kwa umri wangu sioni sababu ya kujipaka rangi. Nilimkuta anakula mkate mezani kwake, ile figo ya plastiki imesogezwa pembeni. Nikasimama kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Daktari, nimekuja. Nipimeni. Chukueni yangu."

Aliuweka mkate chini. Akafungua faili, akanionyesha karatasi ya kipimo cha moyo, mistari inayopanda na kushuka.

"Baba, kaa. Ungekuja siku ile, ningekutuma maabara kabla hujafika nyumbani. Sasa tazama. Moyo wake umeumia. Unasukuma chini ya nusu ya unavyopaswa. Nikimlaza mezani kwa upasuaji mkubwa namna ile, simwamshi. Labda huko mbele ukipata nguvu, tutapima tena, lakini siwezi kukuahidi, na sitaki mkae mkingoja. Kwa sasa njia hiyo imefungwa."

"Imefungwa," nikasema.

"Pole sana. Najua ulikuwa umejiandaa."

Nilishukuru nikatoka. Nilitembea mpaka mwisho wa ukumbi, kwenye dirisha linalotazama sehemu ya kufulia mashuka. Na hapo, jamani, nikaukuta mwili wangu umelegea wote, kuanzia mabega, kama mzigo umeshuka. Mkono wangu ulikuwa umetoka kiunoni wenyewe. Nilisikia njaa. Niliona mashuka meupe yanapepea nikayaona mazuri.

Nikarudi wodini. Nilikuwa nimeupanga uso wangu njiani, nimeuvisha majonzi vizuri. Mdogo wangu alikuwa ameinuliwa mito, mkewe amekaa upande wa ukutani.

"Nimetoka kwa daktari," nikasema. "Nilikwenda kujitolea. Nimemwambia wachukue yangu. Amekataa. Anasema moyo wako hauwezi."

Alinitazama usoni, na sijawahi kutazamwa hivyo naye. Siku zote alikuwa akitazama mdomo wangu, akingoja utakachosema.

"Umefurahi," akasema.

"Mdogo wangu..."

"Si sana. Kidogo tu. Lakini umefurahi, kaka. Nimekuona ulivyoingia mlangoni. Umeingia mwepesi."

Nilifungua kinywa. Maneno yangu yote yalikuwa pale, yamejipanga, kila moja na kofia yake. Sikupata hata moja la kutuma.

"Ungeniambia tu unaogopa," akasema. Alikuwa anavuta pumzi katikati ya maneno. "Mimi si nilikuapisha usitoe? Ningekuheshimu vile vile. Ningekwenda kwenye mashine yangu kila wiki, maisha yangu yote, na wewe ungekuwa umekaa pale kwenye kiti unanidanganya habari za viboko. Sikuitaka figo yako. Nilitaka unielezee tu."

Mlango ukafunguka. Daktari akaingia na karatasi zake, Rubani nyuma yake na kiti.

"Baba, tunataka tuzungumze upya," daktari akasema. "Kuna mambo ya kuamua. Familia yote ipo?"

"Mke wangu yupo," mdogo wangu akasema. Kisha akanigeukia. "Kaka, tupishe."

Nikakaa kwenye benchi la nje. Mlango ule haufungiki vizuri. Nilimsikia daktari akianza moja baada ya nyingine, polepole, na nilimsikia mdogo wangu akiuliza. Hii ya tumboni, moyo wangu unaihimili? Upasuaji wa mkono ni lini? Nikichoka nikataka kuacha, mtanifanyaje, nitapata maumivu? Mashine inarudisha figo? Hapana, baba, hairudishi. Hata kidogo? Hata kidogo. Haya, endelea. Aliuliza kwa muda mrefu. Nilihesabu maswali mpaka ishirini na mbili nikaacha. Miaka yote ile sikujua kama mdogo wangu ana maswali kiasi hicho.

Shemeji akatoka, karatasi mkononi imejaa mwandiko wake.

"Amechagua mashine," akasema. "Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mkono wanaupasua wiki ijayo, Jumanne. Na ameandikisha kwamba moyo ukisimama tena wasiurudishe. Amesaini mwenyewe."

"Mmemwacha asaini hivyo?"

"Ameelezwa, shemeji," akasema, na neno hilo alilitamka polepole sana. "Ameelewa, amesaini."

Nikainama. "Nitamsindikiza. Jumatatu nitakuja na..."

"Amesema siku za mashine usije."

Ukumbini alipita mtu anasukuma kitanda kitupu, gurudumu moja linalia. Tulimngoja apite.

"Jumapili je?" nikauliza. "Nyumbani. Nije Jumapili?"

Shemeji aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Nitamwuliza," akasema, akarudi ndani, na safari hii aliusukuma mlango mpaka ukafungika.